Jina Lililokaa Shavuni

Nchi ninayoisimulia haipo. Natangulia kulisema hilo asije mtu akadai nimemsema yeye. Haina ramani, haina bendera mnayoijua, na kama mmekaa barazani mkaona mambo yake yanapita mbele ya mlango wenu, hayo ni macho tu. Laleni, yataisha.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo alikuwapo kiongozi tuliyemwita Mlezi. Jina hilo tulimpa wenyewe, kwa hiari, baada ya kuambiwa tumpe. Alikuwa na uso kama wa wazee wenzake: makunyanzi pembeni mwa macho, mikunjo kwenye paji, na juu ya pua chunjua lenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Chunjua lile tulilizoea na tukalipenda. Lilikuwa kwenye noti, kwenye stempu na kwenye picha ya kila duka. Wachora mabango walilichora lenyewe kwanza, kisha wakalizungushia uso.

Mwaka mmoja Mlezi akaenda ng'ambo kutibiwa jino. Alikaa huko mpaka tukasahau ni jino lipi. Aliporudi, mlinzi wa lango la Ikulu akamzuia.

"Pole, kijana," mlinzi alisema, "mwenye nyumba hayupo."

"Mwenye nyumba ni mimi."

"Wote husema hivyo."

Kumbe huko ng'ambo walimwangazia uso kwa taa inayochoma, wakaichoma ngozi ya juu ikabanduka, wakapaka dawa ikabanduka ya pili, wakarudia na kurudia mpaka ikatoka ngozi isiyomjua mtu. Ilikuwa laini, inang'aa, kama yai la kuchemsha lililomenywa. Makunyanzi hakuna. Chunjua hakuna. Hata kutabasamu hakuna, maana ngozi ilikuwa imekaza kama ngoma iliyoanikwa juani.

Yule mlinzi hakufungwa, kama wambea walivyoeneza. Alipandishwa cheo akapelekwa kulinda bwawa lililokauka, na mpaka leo halijaibwa.

Shida ilianza na picha. Mlezi alikwenda kuwatembelea wakulima, akasimama katikati yao, gazeti likatoa picha ukurasa wa mbele. Ilikuwa kama mtu kaweka yai kwenye kapu la tende kavu. Mlezi aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Alikuwa amekasirika, lakini kwa kuwa uso haukuonyesha, Waziri wa Mwonekano alidhani amefurahi, akapiga makofi. Ilibidi Mlezi aseme kwa mdomo:

"Watu hawa wananizeesha."

Jioni hiyo hiyo Waziri akahutubia taifa redioni. Nilikuwa nakanda unga, nikaongeza sauti.

"Ndugu wananchi! Kunyanzi ni nini? Kunyanzi ni lalamiko lililoandikwa usoni bila kibali. Kovu ni nini? Kovu ni mtu kukumbuka jambo baya hadharani. Je, taifa linaweza kusonga mbele huku kila raia anatembea na kumbukumbu zake mashavuni? Haliwezi! Serikali yenu sikivu imesikia kilio chenu. Kuanzia sasa, Mlezi na watu wake ni uso mmoja. Operesheni Uso Laini imeanza!"

Sisi hatukukumbuka kulia kilio chochote kuhusu nyuso zetu. Tulikuwa tumelilia maji, na barabara, na kwa upande wangu nilikuwa nimelilia masikio. Lakini serikali ikisema imekusikia, ni utovu wa adabu kuuliza imesikia nini. Mashimo ya barabarani yaliachwa yalivyo, kwa kuwa Mlezi huipita barabara kwa juu, na akiwa huko juu mashimo hayamzeeshi.

*

Sasa niwaeleze habari ya masikio.

Mimi nilikuwa mpika maandazi, na nilikuwa mama wa Tunu. Tunu hasikii. Watoto wa rika lake walipoanza kusema "mama", yeye alinyoosha kidole tu, kama anavyoonyesha kikombe au kuku. Watu wakasema ni mzito, ataamka. Mimi nikaenda kujiandikisha masomo ya jioni. Mwalimu mmoja, anaitwa Sekela, alikuwa akifundisha watoto viziwi mchana, na jioni anatufundisha sisi wazazi lugha ya alama, na wale waliokatiza shule kama mimi anawamalizisha na kidato cha nne. Mchana mikono yangu ilikuwa kwenye unga. Jioni ilikuwa inajifunza kusema. Nilikuwa na furaha siku hizo, na wala sioni haya kuliandika hilo.

Watu wasiosikia wana desturi yao ya majina. Jina lako la kliniki haliwahusu. Wanakutazama, wanatafuta kwenye uso wako kitu kilicho chako peke yako, na hapo ndipo jina lako linapokaa. Mwalimu Sekela alikuwa na chale mbili kwenye paji, alizochanjwa utotoni na bibi yake. Basi jina lake lilikuwa vidole viwili vinavyopita kwenye paji. Jirani yangu Sihaba alikuwa na kovu lililoikata nyusi. Jina lake lilikuwa kidole kinachokata nyusi. Mwenye duka alikuwa na mashimo ya tetekuwanga, akaitwa kwa kudonolewa mashavu.

Mimi, nikiwa na mimba ya Tunu, mafuta ya maandazi yalinirukia chini ya jicho la kulia yakaacha kovu. Siku ile nililia nikasema basi, sura imekwisha. Sikujua kwamba najiandikia jina. Kidole kinagusa shavu, halafu kinaruka kama kimeungua. Hilo ndilo neno la kwanza mwanangu alilosema duniani. Alilisema mlangoni mwa darasa, akiwa na uji kwenye kidevu, na mimi niliinama pale pale nikamfuta uji kwa muda mrefu kuliko uji wenyewe ulivyokuwa.

Na Mlezi je? Watoto wale nao walimpenda, picha yake ilikuwa darasani. Walimpa jina bila ubaya wowote: ngumi juu ya pua. Mtu mkubwa, chunjua kubwa.

*

Siku ya sherehe za Uso Laini, shule zilialikwa kuimba wimbo wa taifa. Waziri alisisitiza viziwi wawekwe mbele kabisa, kwa kuwa hawapigi kelele.

Wimbo wa taifa wa nchi ile unamtaja Mlezi katika kila mstari, na kwenye kiitikio unamtaja mara nyingi zaidi, kwa sababu mtunzi alitaka nyumba. Basi wenye sauti waliimba, na watoto wa Mwalimu Sekela wakaimba kwa mikono. Mlezi wa amani: ngumi puani. Mlezi wa mvua: ngumi puani. Mlezi, Mlezi, ewe Mlezi: ngumi, ngumi, ngumi. Tunu wangu alikuwa safu ya mbele, anajibamiza pua kwa uzalendo mpaka ikawa nyekundu.

Jukwaani Mlezi akamwinamia Waziri. Waziri akashuka mbio.

"Mwalimu, hizo ngumi ni za nini?"

"Ni Mlezi, Mheshimiwa."

"Kwa nini puani?"

"Ndipo lilipokuwa."

"Lilipokuwa nini?"

Mwalimu Sekela hakuzoea kudanganya, kazi yake haimpi nafasi. "Chunjua, Mheshimiwa."

"Chunjua gani?" Waziri aligeuka akatuuliza sisi sote, kwa sauti ya mikutano. "Kuna mtu hapa amewahi kuona chunjua?"

Uwanja mzima ukatazama viatu vyake. Mama mmoja nyuma yetu alikuwa ameshika noti ya kununulia maji, na chunjua lilikuwa linamtazama kutoka kwenye noti. Akalifunika kwa kidole gumba.

Asubuhi shule ikawekewa kufuli.

*

Aliyeleta masharti ya kuifungua alikuwa Afisa Mlainishaji wa wilaya, Bwana Pembe, kijana mwenye suti na uso mpya. Alituita wazazi na walimu chini ya paa la jiko la shule. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa lenye matundu.

"Serikali haina ugomvi na watoto," alisema. "Watoto hawana hatia. Hatia iko kwenye alama. Mtoto akikuta alama usoni, anashika. Akishika, anaita. Leo anashika kovu lako, kesho atashika uso wa nani? Kwa hiyo shule itafunguliwa siku ambayo hakuna mzazi wala mwalimu atakayekuwa na pa kushikwa."

"Sasa wanetu watatuitaje?" niliuliza.

"Kuna jina la jumla. Wizara imelibuni." Akapitisha kiganja kilichofunguka mbele ya uso, kutoka kwenye paji hadi kidevuni, taratibu, kama mtu anayepangusa dirisha. "Hivi. Maana yake: laini. Linamfaa Mlezi, linawafaa na nyinyi. Uso mmoja, jina moja. Ni rahisi hata kwa watoto."

Sihaba hajui kukaa kimya. Na yeye hata mtoto kiziwi hana, alikuja kunisindikiza tu. "Samahani, afisa. Na wewe nyumbani mkeo anakuitaje?"

"Ananiita Afisa."

"Basi nimeelewa, baba. Endelea."

Akaendelea na kopo. Ndani yake walikuwamo inzi wa serikali. Msicheke, walikuwa na posho ya sukari. Kipimo kilikuwa hivi: inzi anaachiwa kwenye shavu la raia. Akiteleza, raia ni laini. Akisimama, raia ana pa kusimamia, na anaandikiwa taa.

Mwalimu Sekela, inzi alitembea kwenye chale zake kama mtu kwenye reli. Ilipofika zamu yangu, yule mdudu alizunguka mara moja tu, akatua penye kovu langu, akakaa, akaanza kusugua mikono yake kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko tayari.

"Mama huyu," Afisa Pembe alisema, "ana makazi kabisa."

Nikarudi nyumbani na Tunu. Njia nzima alikuwa ananiuliza. Akigusa shavu, akarusha kidole: mama. Halafu viganja viwili vikifunguka kama daftari: shule. Halafu mabega juu: lini? Mama, shule lini? Pale mtaani kwetu hakuna mtoto mwingine wa kuongea naye. Kwa siku za kufuli alikuwa anakaa kizingitini anawasimulia kuku, na kuku hawakujibu, akaanza kuwapiga. Nikaona mikono yake inapungua maneno kama maji yanavyopungua kwenye mtungi.

Nilisema moyoni: kovu ni langu, shule ni yake. Mama yeyote angejua pa kupunguza.

*

Kituo cha Ulainishaji kilikuwa hospitali ya wilaya, kwenye kile chumba kilichokuwa cha masikio. Nilikuwa nakijua chumba kile. Nilikaa kwenye benchi lake mara nyingi na Tunu mapajani, nikiambiwa mashine ya kupima masikio iko njiani. Sasa mashine ilikuwa imefika, ila ilikuwa ya nyuso. Ukutani bango la sikio lilikuwa bado limebandikwa, na juu yake wamebandika picha ya Mlezi. Ndewe ya sikio ilichungulia chini ya kidevu chake.

Daktari alikuwa yule yule, Daktari Luhende.

"Daktari, kumbe umehamia ngozi?"

"Mimi nilisomea masikio, mama Tunu. Nikawaambia hivyo wizarani. Wakaniambia masikio nayo si yapo usoni? Nikatia sahihi." Alikuwa anafuta miwani ya kukinga mwanga. "Tunu hajambo?"

"Hajambo. Ameanza kupiga kuku."

Akanishika kidevu akanigeuza kwenye dirisha. "Hili la chini ya jicho ni la mafuta?"

"Ndiyo. Daktari, huwezi kulibakisha kidogo? Kama alama ya kalamu tu. Inzi asione, lakini mtoto aone."

"Mama, inzi anaona kuliko mimi." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Huko zilikotoka taa hizi, mtu anapewa muda, anapimwa ngozi, anaambiwa akapumzike ndipo arudi. Na anayekwenda, anakwenda kwa kutaka mwenyewe. Mimi nimeletewa mashine zilizotumika, dawa ambayo tarehe yake imefutwa, na foleni inayofika sokoni. Fumba macho."

Sitaki kuwachosha. Taa ilipita inalia kama jipu linalotumbuliwa, na chumba kikanuka manyoya ya kuku yaliyobabuliwa. Kisha ikaja dawa. Ukisikia mtu amemwagiwa pilipili na bado anaambiwa atulie asikunje uso, ndiyo hiyo. Muuguzi alikuwa akiimba wimbo wa taifa kutuliza wagonjwa. Nikarudi nyumbani nimepakwa mafuta mgando kama mkate, nikabanduka, nikatoka maji, nikabanduka tena. Sihaba naye ilimpata, operesheni ilipofika mtaani. Tulikaa uani tumegeuziana visogo tusitishane.

Halafu siku moja ngozi ikawa tayari. Afisa Pembe akaja na kopo. Inzi akatua chini ya jicho langu, miguu ikamponyoka, akateleza hadi kwenye kola.

"Hongera," alisema Afisa. "Umekuwa taifa."

*

Shule ikafunguliwa kwa bendi.

Niseme ukweli, Tunu hakunisahau. Alinijua kwa mikono, kwa harufu ya hamira, kwa kanga. Siku ya kwanza niliyofunua uso alikuja akainua kidole, akakipeleka kwenye shavu lake chini ya jicho, kisha akanitazama mimi, akakosa. Kidole kikabaki hewani. Akapapasa shavu langu, taratibu, kama anatafuta swichi gizani. Akaangalia na upande wa pili, labda limehamia. Nikajaribu kucheka ili aone kwamba ni mimi. Uso haukucheka. Nilicheka ndani peke yangu.

Nikamwambia kwa alama: niite tu, ni mimi.

Akajibu: hapana kitu hapo. Mwalimu kasema jina lisilo na kitu ni uongo.

Halafu akapitisha kiganja mbele ya uso, kutoka kwenye paji hadi kidevuni, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alingoja nimsifu, nikamsifu.

Basi sote tukawa na jina moja. Mwalimu, mwenye duka, Sihaba, Mlezi, dereva wa taka, mimi. Wizara ilitoa taarifa kwamba lugha ya alama imerahisishwa na gharama zake zimeshuka.

Siku ya Jumamosi, wanawake tulikuwa uani tunaanua nguo. Tunu alikuwa anakimbia nje, akajikwaa kwenye tofali akachanika goti. Akaja mbio, mdomo wazi, machozi yanamfumba macho, damu inashuka hadi kwenye soksi. Na akawa anaita. Kiganja juu, kiganja chini, kiganja juu, kiganja chini.

Sote tukageuka. Sihaba akatupa shuka, mpangaji wa chumba cha mwisho akatupa beseni, mimi nikatupa kila kitu. Sote tulikuwa tumeitwa. Tulimfikia kwa pamoja tukamzunguka, nyuso zote zinang'aa, hakuna hata moja inayoonyesha kushtuka, na kanga zetu siku ile, kwa bahati mbaya, zilikuwa zile za bure za Operesheni, sare. Mwanangu alisimama katikati akamtazama huyu, akamtazama huyu, machozi yanamchanganya, anapangusa hewa kwa kiganja, anaita, na sisi sote tunaitika.

Mpaka aliponusa mikono ndipo akanishika.

Sihaba alikwenda kukaa kwenye ndoo yake. "Shoga," akasema, "na wangu mchanga hanyonyi siku hizi. Zamani akinyonya alikuwa anachezea hii nyusi, hapa ilipokatika. Sasa anapeleka mkono, anaukuta ukuta, analia."

*

Huku nako Mlezi alipata matatizo yake, maana raha haikosi kasoro.

Kwa kuwa taifa zima sasa lilikuwa uso mmoja, hapakuwa na wa kumjua. Kwenye ufunguzi wa daraja, Waziri alimkabidhi mkasi muuza koni, akamwita Mtukufu, na muuza koni akakata utepe, akatoa hotuba fupi yenye maana, watu wakashangilia kwa dhati. Mlezi alikuwa kwenye umati, anasukumwa na askari: "Rudi nyuma, ndugu, tumsikilize Mheshimiwa."

Waziri akarudi redioni, na nadhani alikuwa amebadilishwa, ila sauti zao nazo zilikuwa zimeanza kufanana.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imetafakari. Taifa ni uso mmoja, lakini uso lazima uwe na pua! Kuanzia leo, Mlezi atavaa Alama ya Uongozi."

Alama ya Uongozi ilikuwa chunjua. La mpira, limetengenezwa ng'ambo, linagundishwa puani kila asubuhi na afisa mwenye cheo cha kanali. Kubwa kuliko la kwanza. Noti zikachapwa upya. Ikatangazwa kwamba chunjua limekuwapo siku zote, na anayedai liliwahi kukosekana ni mchochezi. Na salamu ya taifa, kwa wanaosikia na wasiosikia, ni ngumi juu ya pua.

Shuleni, Tunu alifurahi, nami nikafurahi. Nikasema ahaa, mambo yanarudi! Mimi huwa na matumaini, ndivyo nilivyo, hata mafuta ya jana naona yanafaa. Nikavaa gauni la kanisani nikaenda ofisini kwa Afisa Pembe. Nilimkuta anawapa inzi sukari.

"Afisa, nimesikia Mlezi amerudishiwa jina."

"Kweli, mama. Tunashukuru."

"Na sisi?"

"Nyinyi mna nini?"

"Mwanangu ananiita kwa jina la kila mtu. Naomba alama ndogo tu. Hata ya mpira. Nitaigundisha mwenyewe, simhitaji kanali."

Akafunika kopo. Sijui kama alinicheka au alinihurumia, nani angejua. "Mama Tunu, kiongozi anahitaji kujulikana. Mama ajulikane ili iweje? Si mtoto anakula? Si shule imefunguliwa? Raia aliye salama ni yule asiyetambulikana. Nenda nyumbani, uko salama sana."

Nikamshukuru. Nikaweka ngumi puani, nikatoka.

*

Alfajiri ya pili yake nilikuwa jikoni kama kawaida. Unga umeumuka, kuni zimekolea, mafuta yameanza kutoa moshi mwembamba. Tunu alikuwa kwenye kigoda chake na sare ya shule, anasubiri andazi la kwanza, maana la kwanza huwa lake.

Mpika maandazi anafundishwa mambo mawili. Unga usiwe na maji mengi, na ukiutia kwenye mafuta urudishe uso nyuma. Miaka yote nimeyashika yote mawili.

Nilichovya vidole kwenye maji. Nikanyunyiza kwenye karai. Mafuta yakafoka.

Sikurudisha uso nyuma.

Tone moja lilinikuta chini ya jicho la kulia. Sikulilenga, lilikuwa linaijua njia. Sikupiga kelele. Uso wangu haukukunjana hata kidogo, kwa hilo naishukuru Operesheni. Nikaweka kitambaa chenye maji baridi, nikakiondoa, nikachutama mbele ya mwanangu.

Tunu aliacha kuchezesha miguu. Alikitazama kile kilengelenge kinavyojaa. Akakisogelea mpaka nikasikia pumzi yake kwenye kidonda. Halafu akainua kidole, akakigusisha kwenye shavu lake mwenyewe, chini ya jicho, akakirusha kama kimeungua.

Akarudia. Akarudia tena, anacheka ile sauti yake asiyoijua.

Shuleni siku ile alikwenda amechelewa.

Jua lilipopanda kidogo wateja walianza kuja. Aliyetangulia alikuwa Sihaba, mtoto begani, bila sahani na bila pesa. Alinitazama shavuni. Hakuniuliza nimefanyaje. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamkabidhi Tunu yule mchanga ampakate. Kisha akalisogelea karai, akafumba macho, akaniinamishia uso kama anayenyolewa.

"Mimi ni hapa kwenye nyusi," alisema. "Taratibu, shoga. Mwanangu alikuwa anapajua."

Nyuma yake, kwenye uchochoro, wengine walikuwa wanakuja na watoto wao, na hakuna aliyeshika sahani.